Kaburi Lililofagiliwa

Kwa miaka mingi nilikuwa mtu wa kuwasahihisha wengine. Katika ofisi yetu ya mambo ya kale, Ibra, huku Omani, nilisahihisha barua za vijana na hata namna yao ya kukaa kitini. Nyumbani nilisahihisha Kiswahili cha wanangu, ambacho kila mwaka kilizidi kupungua. Kazi hiyo humchosha mtu bila ya yeye kujua. Nilipofika makamo nilikuwa nimechoka, na uchovu wangu nikaudhania kuwa busara.

Katika hali hiyo, miaka ya mwanzo ya elfu mbili, nilipelekwa juu ya milima iliyo baina ya Ibra na Sur, kufuatana na mhandisi wa Kimisri. Huko kuna makaburi ya kale yaliyojengwa kama minara, jiwe bapa juu ya jiwe bapa, bila chokaa, na watu ambao hata majina yao hatuyajui. Mengi yangali yamesimama. Moja lilikuwa limeporomoka upande mmoja, na mawe yake yametapakaa mteremkoni hadi njiani. Hilo ndilo lililokusudiwa kusimamishwa tena.

Mmisri alikuwa amepima makaburi ya kwao, yale ya wafalme yaliyochongwa ndani ya majabali, kwa mashine inayozunguka juu ya miguu mitatu na kutupa miale ya leza. Kila mwale ukigusa kitu hurudi na umbali wake. Nukta zikikusanyika huwa sura kamili ya ukuta, ufa kwa ufa.

Wa tatu wetu alikuwa mwashi mzee, Mwarabu aliyezaliwa Tabora, ambaye Kiarabu chake kilikuwa cha sokoni tu, hivyo baina yake na Mmisri mfasiri nilikuwa mimi. Alikuwa ameahidiwa kazi ya kulijenga upya kaburi lile, iwapo Mmisri ataridhika naye, na aliitaka mno.

"Saruji imenichosha," aliniambia ndani ya gari. "Saruji inaficha ujinga wa fundi. Ukuta mkavu hauna pa kuficha. Nijenge huu mmoja, halafu niweke nyundo chini."

Alasiri ya kwanza Mmisri alipanga matufe meupe ya alama kuzunguka uwanja. Mzee aliyatazama, akaninong'oneza: "Huyu mhandisi wenu ametaga lini?" Mashine ikapiga duru moja ya kujaribu, betri zikaisha. Mmisri akateremka kijijini pamoja na dereva kwenda kuzichaji, wakatuachia hema. "Asubuhi tutaanza na lile lililoanguka," alisema.

Niliyatazama mawe yale nikaona aibu. Kwetu Unguja mgeni hakuti majani uani. Nikamwambia mzee tuyaondoe, tuyapange kando, ili mashine ilione kaburi vizuri.

"Mimi ningeyaacha, ustadhi," akasema. Ustadhi aliniita kwa utani, kwa sababu ya vitabu nilivyobeba hata safarini. "Ukuta ukianguka, namna ulivyoanguka ndiyo inayokuonyesha ulivyokuwa umesimama. Jiwe la juu huenda mbali, la chini hubaki karibu."

"Umeyasomea wapi hayo?"

"Nimeangukiwa na kuta, bwana. Si shule hiyo?"

Nilimjibu kwa ukali kwamba usafi ni katika imani, na kwamba aliyetumwa na serikali ni mimi. Akainama, akaanza kuokota. Hadi magharibi tulikuwa tumeyapanga yote kando ya njia, makubwa chini, madogo juu, na vumbi nimelifagia kwa tawi kavu.

Asubuhi Mmisri aliposhuka garini aliyatazama mawe yaliyopangwa. Hakunitazama mimi, alimtazama mwashi.

"Muulize kwa nini amefanya hivi. Mawe hayo yalikuwa ramani yangu."

Nikalifasiri swali. Mzee akanikazia macho. "Mwambie basi, ustadhi. Wewe unajua."

Nami nikageuka, nikasema kwa Kiarabu: "Anasema alidhani anasafisha."

Mpaka leo sijui maneno yale yalitoka wapi kwa wepesi ule.

"Basi huyu hatagusa jiwe jingine hapa," akasema Mmisri. "Nitaliandika katika ripoti."

Hilo sikulifasiri. Mzee alikwenda kukaa katika kivuli cha gari.

Karibu na adhuhuri Mmisri alinionyesha kompyuta yake. Ile duru ya kujaribu ilikuwa imeyanasa mawe yakiwa bado pale yalipoangukia. "Alhamdulillahi. Yanayoonekana tutayarudisha. Yaliyofunikwa na mengine yamepotea. Mwale haupenyi jiwe." Alipata nafuu, na mimi nikajidai nimepata. Mambo yangeweza kuishia hapo: kaburi lingeokoka kwa kiasi chake, na mwashi mmoja angerudi kwenye saruji.

Tukatia udhu. Katika safari ile mwenye kusalisha nilikuwa mimi, kwa kuwa ndiye niliyehesabiwa kuwa msomi. Nilisogea mbele, Mmisri na dereva wakasimama nyuma yangu. Mzee alitandika shuka yake upande wa pili wa kaburi.

"Mzee wangu, njoo tukamilishe safu," nikamwita.

"Salini nyinyi. Leo nitasali peke yangu."

"Kuna nini?"

"Kiarabu changu kidogo, ustadhi, lakini 'anasema' naijua. Mimi sikusema kitu."

Nilisimama nimeelekea kibla na sikuweza kuanza. Nimewahi kuwaondoa vijana kazini kwa uongo mdogo kuliko ule. Nikageuka, nikamwambia Mmisri kwamba amri ilikuwa yangu, kwamba mwashi alinikataza, na sababu aliyonipa, jiwe la juu na jiwe la chini.

Mmisri alivua miwani, akaifuta kwa muda mrefu. "Yeye ndiye aliyeyasema hayo?"

"Yeye."

"Na wewe ndiye uliyemfasiria."

Nikarudi nyuma, nikaingia katika safu. Dereva alisalisha. Mzee aliikunja shuka yake, akaja akasimama mwisho wa safu, si karibu yangu.

Siku mbili tuliyarudisha mawe pale yalipoangukia: Mmisri akisoma kwenye kompyuta, mzee akichagua, mimi nikibeba. "Taratibu, ustadhi," alisema mara moja tu, "hilo si kitabu."

Kazi alipewa. Majira ya baridi yaliyofuata aliunyanyua ukuta hadi kifuani mwa mtu, akasita hapo, kwa kuwa mawe yaliyosalia hakuna aliyejua mahali pake. Yangali kando ya njia, makubwa chini, madogo juu. Kila ninapofika na wageni huyasifu, na huuliza ni nani aliyeyapanga vizuri namna ile.

Nami huwaambia.