Mama Hakugusa Sahani

Kwetu Temeke mie ndiye mjuaji wa migahawa. Ndugu akitaka sehemu ya kupigia picha za sherehe, ananiuliza mie. Basi mama alipotimiza miaka sitini nikamchagulia mgahawa wa Mbezi Beach wenye vitambaa vyeupe mezani, chakula cha mchana, nikaalika na wenzangu wawili wa ofisini waje waone. Kwenye simu mama aliuliza, "Haiwezi kuwa Ijumaa?" Nikamjibu nimeshaweka nafasi.

Akaletewa kamba wa nazi, hakugusa. Nikajua anaogopa uma. Nikamnong'oneza, "Kula hata kwa mkono, mama, usiniaibishe." Akatabasamu tu. Nikaagiza samaki, naye hakumgusa. Nikawageukia wenzangu na kicheko changu cha kijinga: "Mtusamehe jamani, mama hajazoea sehemu kama hizi." Wakacheka. Mama naye akacheka, na kicheko kile hakijanitoka masikioni.

Mhudumu alipokuja kuondoa sahani zilizojaa, akainama. "Samahani mama, umefunga?"

"Nimefunga, mwanangu."

"Nilihisi. Mama yangu naye haachi Jumatatu na Alhamisi."

Ilikuwa Alhamisi. Mama anafunga siku hizo mbili tangu mie sijazaliwa. Wenzangu wakainamia sahani zao.

"Mama, si ungeniambia?"

Akanitazama bila hasira, na hapo ndipo aliponimaliza. "Nikwambie nini, Zuhura? Si wewe ulikuwaga unaniamsha nile daku?"