Doto Hakuitikia Salamu

Sikusimuliwa na mtu. Lilinikuta mimi mwenyewe, hapa hapa Johannesburg, mchana, na akili zangu timamu. Cheka ukitaka.

Kazi yangu ni kutunza vyura wa msitu wa Amazon, waliokufa zamani, wamo kwenye chupa za spiriti ndani ya ghala la makumbusho. Wapo wa aina mbili ambao hata mama yao angewachanganya. Profesa wetu, mama mwenye subira, alinifundisha kuwatenga: mgongo hudanganya, rangi hudanganya, sikiliza walivyorekodiwa wakiwa hai. Mmoja hulia mara moja, kwa kirefu. Mwenzake mara tatu. "Ambaye hujasikia sauti yake, usimpe jina," huniambia.

Nami ni pacha. Mwenzangu, Doto, alikuwa na spaza yake, kiduka cha mtaani, kule Soweto.

Jumanne moja ya mvua nilikuwa peke yangu ghalani. Mlango haufunguki bila kadi. Nageuka, Doto huyu hapa, kati ya rafu, na shati lake kavu kabisa. Nikamtolea salamu.

"Asalaam aleikum, Doto."

Mwislamu gani haitikii salamu? Alifungua mdomo, akashika koo, sauti haikutoka. Machozi tu.

Niamini, nilimpenda ndugu yangu kuliko nafsi yangu. Lakini nilishazoea kutoamini sura. Nikasema moyoni, hili ni jini limejivika sura ya Doto.

"Wewe si ndugu yangu. Toka."

Aliniangalia, akainamisha kichwa, akapita nyuma ya rafu. Kuchungulia, hayupo. Nikasoma Ayatul Kursi, nikajiona mwanaume.

Jioni akapiga simu jirani wa Doto wa dukani, Mkongomani.

"Ndugu, pole sana, vraiment, kweli. Siku mbili natafuta namba yako. Walimupiga risasi ya shingo. Hospitali walimutia mpira kwa koo, hakuweza kusema. Leo saa tisa amekufa."

Saa tisa ndiyo saa niliyomfukuza.

Mama, kule Tanga, aliniuliza kama Doto aliniaga. Nikamjibu hapana. Uongo huo unanila mpaka leo, na sina ujasiri wa kuufuta.

Wewe unayesoma, akikujia mtu wako, usimdai ushahidi. Mkaribishe. Akiwa jini, umekaribisha jini tu. Akiwa ni yeye, hatarudi tena kukupa nafasi ya pili.