Gauni Lililonyooka Kupita Kiasi

Tangu ugonjwa uingie mjini, wateja wa Mama Dobi walifua wenyewe, wakiogopa nguo zao kushikwa na mtu mwingine. Ndani kwake ikabaki chumvi tu. Aliposikia mjumbe wa mtaa anaandikisha watakaopewa unga, akavaa gauni lake moja la maana, akiwa amelipiga pasi mpaka likakaribia kusimama lenyewe, akaenda kupanga foleni.

Mjumbe alimkagua juu hadi chini. “Mama, tunaandika wenye shida.”

“Ndiyo mimi, mwanangu.”

“Shida gani hiyo inayong’aa? Mpishe mwenzio.”

“Sasa nije mchafu? Mimi si dobi?”

Foleni ikacheka nyuma ya barakoa.

Alirudi nyumbani kichwa kikimzunguka. Kumbe njaa nayo ina sare yake, na hakuna aliyemwonyesha! Akalivua gauni, akalifinyanga kama tambara la deki, akalivaa tena. Kufika mlangoni, mikono ikaanza yenyewe kunyoosha makunyanzi.

“Tulieni!” akaikaripia. Wanawe wakanyamaza, wakidhani wameambiwa wao.

Akaifungia mikono mgongoni, akarudi kwenye foleni, asijue kama sasa amechakaa vya kutosha.