Pointi Mbili za Fundi wa Makorora

Yule fundi cherehani wa Makorora aliyepunguza suruali za nusu ya mji tumemzika Ijumaa, nanyi wasomaji wangu mtanisamehe nikimlilia huku nacheka. Miaka ya shida, kitambaa kilipokuwa cha foleni, alishona mashati ya magunia ya unga, yakavaliwa Idi. Kisha biashara ikafunguliwa, mitumba ikamiminika kama masika, na wa kushonewa nguo mpya wakaadimika. Fundi akabaki kupunguza makoti ya Wazungu ambao, kwa kauli yake, lazima walikuwa wakila hata usingizini.

Ndani ya mfuko wa koti mojawapo alikuta kadi yenye picha ya mchawi akirusha radi na jitu likiungua. Nilikuwa nimempelekea suruali, akanipa nimsomee Kiingereza chake. Nikamweleza kuwa ni karata ya mchezo, uchawi wa kubuni tu: humpiga kiumbe utakayemchagua, ikampunguzia pointi tatu za uhai. Akacheka, akaichomeka ukutani, kando ya cherehani.

Wiki ile ile cherehani ikaibwa, na ndiyo iliyokuwa sahani yake, ya mkewe na ya wanawe. Majirani wakamshauri asomeshe albadiri. Akakataa, maana kisomo hicho hakichezewi, huweza kumrudia hata msomaji. Badala yake akaitundika kadi mlangoni, akamweleza kila mpita njia, uso mkavu, kwamba hii huchagua, ina pointi tatu, na ataituma baada ya sala ya Ijumaa.

Alhamisi alfajiri akafungua mlango. Cherehani iko kibarazani, na mwizi kaketi kando yake, kashika tumbo.

"Fundi, moja nishaipata tangu jana, tumbo lanisokota. Niondolee hizo mbili."

"Kuziondoa siwezi," fundi akamjibu. "N'takuwekea."

Alinisimulia akifuta machozi ya kicheko, kwani hata hiyo moja hakuwa ameituma. Lakini jina la mwizi hakunitajia, wala hakumtajia mkewe. Nyakati zile kila mtu alikuwa akiuza alichonacho, na kisa kile kingemjazia wateja mpaka barabarani. Kingemmaliza pia yule mtu: angeswali msikiti gani, angemwoza binti yake kwa nani? Fundi akakikunja kisa kama upindo wa suruali, akashona kwa ndani.

Juzi makaburini, watu walipoanza kutawanyika, mzee mmoja alinivuta mkono. Ni mmoja wa wale ambao tukisafiri huwaachia funguo za nyumba. Makorora wako wengi, msihangaike kukisia.

"Wewe ndiwe uliyemsomea ile kadi," alininong'oneza. "Zile mbili, marehemu kamwachia nani?"

"Kaenda nazo, mzee wangu."

Nilidhani atashusha pumzi. Akainama badala yake, akalia kama mtu aliyeondokewa na mlinzi wake. Hapo nikaelewa kwamba pigo ambalo fundi hakulipiga ndilo lililomjenga mtu huyu miaka yote. Wiki ijayo nasafiri kwenda Pangani. Funguo zangu namwachia yeye.