Tarumbeta la Baba Mdogo

Kila ninapochomeka pasi iliyokaa siku nyingi kabatini, vumbi lake huungua kidogo na kutoa harufu ambayo wanangu huikunjia pua. Mimi huivuta. Hunirudisha kijijini Kurui, sebuleni kwetu, Jumapili baada ya ibada, baba akingoja kinasa sauti chake kipate moto, harufu hiyohiyo ikitoka ndani yake, na majirani wakibanana kwenye mikeka.

Baba alikuwa mwalimu wa shule ya misheni, mtu mpole mwenye ugonjwa mmoja tu: muziki wa jazi. Mashine ile aliinunua kwa Mzungu mpima ardhi aliyekuwa akirudi kwao, nayo ilitumia betri ya gari iliyokuwa nzito kuliko mimi. Mwisho wa mwezi aliipakia kwenye lori la mihogo, akaenda nayo Dar es Salaam kwenye ukumbi wa dansi, akaomba meza karibu na wapigaji. Alirudi na dansi zima: magitaa, vishindo vya viatu, mtu akikohoa, mwanamke akicheka. Wakristo kwa Waislamu walijaa kwetu kusikiliza. Mama alikuwa akisema, "Wenzetu wanavuna mihogo, mume wangu anavuna kelele za watu."

Kanda moja ilikuwa na heshima yake. Ndani yake alipiga tarumbeta baba mdogo Elia, mdogo wa pekee wa baba. Muda mfupi baada ya dansi lile, bendi yake ilikwenda Mombasa, na huko homa ikamchukua. Barua ilitufikia akiwa amekwisha zikwa. Kaburi lake hakuna kwetu aliyeliona. Basi kila Jumapili, wageni wakishatawanyika, Bibi, mama yao, alibaki kwenye kigoda chake, na baba akamwekea kanda ile. Kabla tarumbeta halijalia, ilisikika pumzi ikivutwa. Hapo Bibi aliinua kidole.

"Huyo ndiye," alisema.

Baba hakukaa kusikiliza. Alitoka nje kutazama kuku, akarudi wimbo umekwisha.

Nilikuwa na miaka minane siku niliyobaki nyumbani peke yangu, wakubwa wako shambani. Nilitaka kujua sauti yangu itasikikaje ndani ya mashine. Kanda ya Jumapili ilikuwa ingali ndani, na kitufe cha kunasia nilikijua. Nilimwona baba akikibonyeza mara nyingi. Nikaimba wimbo wa shule, nikaiga mahubiri ya mchungaji, nikahesabu mpaka mia, mbuzi akinijibu dirishani. Sikujua kwamba kanda haibebi sauti mbili. Nilidhani ni kama kapu, unaongeza tu juu ya vilivyomo.

Jumapili iliyofuata baba alipoifikisha kanda mahali pake, Bibi aliinua kidole, ikatoka sauti yangu: thelathini na moja, thelathini na mbili. Baba alipeleka kanda mbele, akairudisha, akaipeleka tena. Mbuzi akalia.

"Elia yuko wapi?" Bibi aliuliza.

Niliungama. Nilingoja fimbo, maana nilijua imewekwa nyuma ya mlango. Baba alizima mashine taratibu, akasema, "Mletee bibi yako maji ya kunywa." Sauti yake haikupanda. Heri angenichapa.

Shule ilipofungwa alinichukua tukaenda Kibaha, kwa bwana Rajabu, fundi wa mitambo kwenye shamba la mkonge. Yeye naye alikuwa na kinasa sauti, na baba alimwazima kanda zake azinakili. Nilimwamkia, akaniitikia marahaba. Baba alipomweleza shida yetu, akakuna kichwa.

"Ile ya Elia niliinakili, Mwalimu. Lakini kanda yangu iliishia katikati ya wimbo."

"Mwanzo upo?" baba aliuliza. "Ile pumzi ipo?"

Bwana Rajabu hakumwelewa. Akaiweka tu. Ikavutwa pumzi, tarumbeta likalia, na baba akainamisha kichwa mpaka paji la uso likagusa meza. Wimbo ulikatika ghafla, kama mtu aliyezibwa mdomo.

"Rudia," baba alisema.

Ikarudiwa mara tatu. Mara ya tatu bwana Rajabu alinishika mkono, akanipeleka nje kunionyesha mtambo wa umeme. Tulipoaga alimpa baba kanda ile moja kwa moja, akakataa shukrani.

Nyumbani, Bibi alisikiliza mpaka pale ilipokatika. Akatikisa kichwa taratibu.

"Ameenda kunywa maji," alisema. "Kulipuliza dude lile kunakausha koo."

Tangu hapo hakudai kilichobaki.

Bibi nilimwomba radhi nimepiga magoti, akanisamehe kabla sijamaliza maneno. Baba sikumwomba. Miaka mingi niliamini kwamba kosa langu lilikuwa kumnyang'anya Bibi mtoto wake. Haikunijia hata mara moja kwamba papo hapo nilikuwa nimemnyang'anya baba ndugu yake. Alikuwa mtu mzima, mwenye mashine na funguo na chaki mfukoni, na kwa akili zangu watu wazima hawakuwa na ndugu wa kuwalilia. Nilikuja kuelewa siku nilipomzika mdogo wangu mwenyewe, nikasimama nikiwafariji wengine wote. Nilitamani kumpigia magoti baba jioni hiyohiyo. Alikuwa amekwisha tangulia kaburini miaka sita kabla.