Baba yangu alipiga hodi kwenye lori

Admin, jina langu nifichie, maana Ruangwa ni ndogo na chai yangu inajulikana. Nina miaka 41, nimeachika, naishi na baba yangu hapa mjini. Baba haoni, ni presha ya macho, lakini msikitini alikuwa anakwenda mwenyewe. Alifuata njia ya waenda kwa miguu, fimbo ikigonga ukingo wake, mpaka anafika. Hakutaka kushikwa mkono na mtu, na alijivunia sana hilo.

Mimi nauza chai na chapati kando ya njia hiyohiyo. Msimu wa ufuta ulipoanza, malori yakawa yanapanda juu ya njia na kwenye majani, madereva washuke wanywe chai. Nisiwe mnafiki jamani, nilifurahi. Nikawaongezea na benchi.

Adhuhuri moja fimbo ya baba ikagonga mbao za ubavu wa lori. Akasimama, akazipapasa. Kisha akavua kandambili, akasema kwa adabu, "Hodi wenyewe! Hodi!"

"Karibu mzee, pita ndani!" dereva mmoja akaitikia, benchi zima likaangua kicheko. Na mimi, birika mkononi, nilicheka. Mungu anisamehe, niliogopa kuwaudhi wateja.

"Samahanini, nimepotea," baba akasema, akageuka.

Tangu siku hiyo hatoki, anasali chumbani. Niliwaomba madereva wasogeze magari, wakanijibu, "Dada, tukisogea tunahamia kwa mwenzio pale mbele." Nikaenda kwa mwenyekiti wa mtaa, nikaambiwa yupo kwenye chai. Nilimkuta kwangu, pikipiki yake kaipaki palepale njiani, anasubiri chapati. Nilichoka.

Jana baba amenikabidhi fimbo. "Mpe mwenye haja nayo, mwanangu. Macho yalikwenda nikanyamaza, sasa na akili inakwenda. Njia ya kila siku nimeingia uani kwa watu."

Nikamwambia ni uzee tu. Akatikisa kichwa.

"Hata wewe nilikusikia unacheka mle ndani. Hapo ndipo nikajua akili imekwisha, maana wewe huwezi kunicheka."

Fimbo ninayo hapa, ipo nyuma ya mlango. Ndugu zangu, nimwambie kwamba akili yake ni nzima, ila binti yake ndiye aliyemcheka? Au nimuache aamini amechanganyikiwa? Nisaidieni mawazo, mimi yangu yameisha.