Koti la Mzee na mbwa wa Munyaka

Leo mbwa wamenikimbiza mpaka kwa lami, na makosa si yangu.

Koti la ngozi la marehemu baba, lile alikuwa anavaa akipiga mbio na pikipiki Cheptiret yote, lilikuwa limekauka, linapasuka mabegani. Jana nikamwambia Mama nitalipeleka kwa fundi wa viatu.

Asubuhi nikapata ashalipaka samli. Lote. Hata ndani ya mifuko!

"Ngozi ni ya ng'ombe, samli ni ya ng'ombe," akasema. "Fundi wa nini?"

Na ukweli usemwe, lilikuwa laini ajabu. Nikalivaa, nikawasha boda, nikabeba mama mmoja anaenda kanisani.

Jua likatoka. Samli ikaanza kunukia.

Abiria wangu akanusa mgongo wangu. "Kijana, umebeba chapati?"

Kabla nijibu, hapo mtaani Munyaka, mbwa watatu walikuwa nyuma yetu. Yeye anapiga nduru, mimi naongeza mwendo.

(Kama ni mbwa zako, jitokeze hapa chini kwa comments tuongee.)

Nikarudi nyumbani nimewaka, nikamwambia Mama vile tumeponea.

Hata hakushtuka.

"Kwani ulidhani baba yako alikuwa anapenda mbio?"